Homa ya mzazi isiitwe malaria kabla hajaangaliwa tumboni

Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, saa tano usiku. Kijana wa bodaboda alinigongea mlango: "Bibi, unaitwa kule kwa mama mkubwa, mzazi hali yake siyo." Nikamkuta binti wa miaka 19 amelala kwenye mkeka, siku ya tano tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza. Amefunikwa vitenge viwili na bado anatetemeka. Mama mkwe wake akanionyesha kipimo cha malaria kilichopimwa mchana kwenye duka la dawa. Mistari miwili. Mseto, dawa ya malaria, alikuwa ameshaanza. "Ni malaria tu, dada yangu, mbona imeonekana," akaniambia, na kwa kweli alikuwa na nafuu usoni, maana malaria ni adui tunayemjua.

Nilipofunua kitenge, harufu ilinifikia kabla sijamgusa. Nikaweka mkono chini ya kitovu, akaurusha kwa maumivu. Nikahesabu pumzi kwa saa ya mkononi: 32 kwa dakika moja. Usiku uleule tukampeleka hospitali. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani na mji wa mimba umeoza. Alilazwa siku tisa, akapona.

Kipimo kile hakikusema uongo. Hivi vipimo vya haraka husoma protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya malaria kutibiwa. Halafu huku kwetu mtu anaweza kutembea na vimelea na ugonjwa mwingine kabisa kwa wakati mmoja. Katika uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017, Kigoma ndiyo iliyoongoza: karibu mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka mitano alikutwa na vimelea. Mwaka 2022 jirani zetu wa Tabora ndio waliokuwa juu, asilimia 23. Mahali kama hapa mistari miwili haifungi kesi.

Nimekuwa muuguzi mkunga miaka mingi, sasa nimestaafu. Haya ninayaandika kwa mjamzito na mume wake, na hasa kwa yule mama atakayemlea mzazi kwenye siku arobaini, kwa sababu yeye ndiye anayekuwepo homa inapoanza.

Hatua ya 1: Nenda kliniki kabla ya wiki 12, na uombe majibu yako

Usisubiri tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio manane, la kwanza ndani ya wiki 12. Siku hiyo utapewa kadi ya kliniki na utapimwa damu na mkojo: VVU, kaswende, wingi wa damu, malaria, na pale vifaa vilipo, homa ya ini aina ya B. Utapewa pia chanjo ya pepopunda. Nenda na mwenza. Kama yuko ziwani kwenye dagaa, basi aje mwezi ukiwa mkubwa, siku ambazo wavuvi hawaingii.

Katika vipimo hivyo vyote, kinachodharauliwa ni kaswende. Haiumi, kidonda chake hupona chenyewe, na mama anajiona mzima. Wakati huo bakteria wanapita kwenye kondo na kumfikia mtoto, ambaye anaweza kufia tumboni au kuzaliwa akiwa mgonjwa. Tiba yake ni penisilini ya sindano, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Ila ukichomwa wewe peke yako na mume asichomwe, atakurudishia. Nimeona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Majibu yote yaandikwe kwenye kadi. Ukiona sehemu iko wazi, uliza: "Dada, hapa pa mkojo mbona hapajajazwa?" Ukiuliza kwa adabu hakuna atakayekuona mjuaji.

Hatua ya 2: Malaria ya mjamzito hujificha

Vimelea vya malaria vina tabia ya kung'ang'ania kwenye kondo la nyuma. Damu ya kidoleni inaweza kuonyesha wachache au isionyeshe kitu, kumbe kule kwenye kondo wamejaa na wanamnyima mtoto chakula. Mama hana homa, anaendelea kupalilia, mtoto anazaliwa na kilo mbili. Mimba ya kwanza ndiyo iko hatarini zaidi, kwa sababu mwili haujawahi kukutana na vimelea wa aina hiyo.

Ndiyo maana unapewa SP, dawa ya kukukinga na malaria, hata kama huumwi: vidonge vitatu kwa mkupuo, ukimeza palepale mbele ya muuguzi, kuanzia mimba inapotimiza miezi mitatu, kisha kila hudhurio mradi mwezi umepita tangu dozi ya mwisho. Lengo ni dozi tatu au zaidi hadi kujifungua. Usifiche vidonge kwenye kanga ukaenda kuvitupa njiani (tunajua, tumeviokota getini).

Mambo matatu ya kumwambia muuguzi kabla hujameza. Kama unatumia septrini kwa sababu ya VVU, SP si yako, septrini inatosha na zikichanganywa zinadhuru. Kama uliwahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa dawa za salfa, sema. Na kama ulinunua foliki asidi ya miligramu 5 dukani, mwonyeshe, kwani kiasi hicho kinapunguza nguvu ya SP. Ile FeFo ya kliniki, vidonge vya kuongeza damu, ina foliki asidi kidogo na haina shida.

Chandarua unachopewa kliniki ni cha kitandani. Ninajua kule mwaloni chandarua kinavua dagaa vizuri, na sitajifanya sioni. Lakini kile cha mjamzito kiacheni.

Hatua ya 3: Mkojo na majimaji ya ukeni

Kukojoa kwa kuchoma, kwenda haja ndogo kila mara, maumivu ya kiunoni upande mmoja pamoja na homa: hiyo ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nayo kwa mjamzito hupanda haraka kwenye figo na inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Itibiwe na dozi imalizwe. Majimaji yenye harufu, rangi ya kijani au muwasho, nenda ukaangaliwe. Usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu, shabu wala majani. Uke una ulinzi wake, na ukiuondoa hakuna wa kuurudisha haraka.

Hatua ya 4: Begi, pesa na njia

Begi liwe tayari wiki ya 34. Kanga au vitenge visivyopungua vitano, vimefuliwa, vimeanikwa juani na kupigwa pasi. Pedi kubwa. Sabuni ya kipande na beseni lako. Mpira wa kulalia na glovu kama kituo chenu kinaagiza uje navyo. Ongeza kipimajoto cha kidijitali. Katika vitu vyote ulivyonunua, hicho ndicho utakachonishukuru nacho siku ya tano.

Usafiri ni habari ndefu kwa watu wa mwambao. Kutoka vijiji vya kusini ya ziwa, boti ya injini inaweza kuchukua masaa mengi, na kusi likivuma wakati wa kiangazi hakuna nahodha mwenye akili anayetoka usiku. Kwa hiyo anayeishi mbali asogee mapema, wiki ya 37 au 38, kwa ndugu wa mjini, Ujiji au Mwanga, au karibu na kituo cha afya chenye upasuaji. Namba ya kuita usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga ni 115, haina malipo, inaitwa m-mama. Iandikeni ukutani kwa mkaa kama simu ya mama mkwe haihifadhi majina.

Hatua ya 5: Chupa ikipasuka, tazama saa

Hapa ndipo maambukizi mengi yanapoanzia. Ile chupa ya maji ni ukuta. Ikishapasuka, bakteria wana njia ya wazi ya kupanda juu, na kila saa inayopita wanapata nafasi zaidi.

Fanya hivi. Andika saa na dakika. Angalia rangi: maji safi kama ya kuoshea mchele sawa, ya kijani au yenye harufu ni dharura. Vaa pedi safi, usikalie beseni, usifanye tendo la ndoa, usiruhusu mtu yeyote nyumbani akupime kwa kidole. Usinywe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Zile dawa hubana mji wa mimba kwa nguvu isiyopimika na zinaweza kuupasua. Kisha ondoka kwenda kituoni, hata kama uchungu haujaanza.

Ukifika, maneno yako ya kwanza yawe hayo: "Chupa yangu imepasuka saa nane usiku." Mkunga akijua saa, anajua lini dawa ya kuzuia maambukizi inahitajika. Yakipita masaa 18, au mimba ikiwa chini ya wiki 37, mpango wa matibabu unabadilika. Mama anayesema "tangu jana" anatuacha tukikisia.

Hatua ya 6: Chumba cha kujifungulia, na mikono ya watu

Mwaka 1846 katika hospitali kuu ya uzazi ya Vienna kulikuwa na wodi mbili. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, na zaidi ya wazazi 11 kati ya 100 walikufa. Ya pili ilikuwa ya wakunga, na hawakufika 3 kati ya 100. Wanawake wa mji ule walijua. Walipiga magoti wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Daktari Mhungaria, Ignaz Semmelweis, aligundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kupima wazazi. Mei 1847 akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka uliofuata vifo vya wodi ile vilishuka hadi kitu kama 1 kati ya 100. Wakubwa wake hawakufurahi kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Miaka mingi baadaye, 1879, Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha bakteria wenyewe kwa wazazi wenye homa ya nifasi, yaani ile ya baada ya kujifungua.

Ninaisimulia kwa sababu mkono bado ndiyo njia kuu. Shirika la Afya Duniani linashauri kupimwa njia kila masaa manne wakati uchungu umekolea, siyo kila mwanafunzi anayepita apime. Una haki ya kuuliza, na mtu wa kuuliza vizuri ni msindikizaji wako, kwani wewe wakati huo unajishughulisha na mengine. Kigoma ni miongoni mwa mikoa iliyojaribu mapema mpango wa kumruhusu mama aingie na mtu aliyemchagua. Chagua dada au shangazi mwenye ulimi laini. Aseme: "Samahani dada muuguzi, tunaomba glovu mpya," na, "Kondo limetoka zima?" Swali hilo la pili lingemwokolea yule binti wa Kibirizi siku tisa za wodini.

Ukifanyiwa upasuaji, dawa ya kuzuia maambukizi inatakiwa kuingia kwenye mshipa kabla ya kisu, siyo baada. Hakuna haja ya kunyolewa wembe nyumbani. Wembe huacha mikwaruzo ambayo ni malango ya bakteria.

Kuna utafiti uliotoka mwaka 2023 ambao watu wananiuliza. Wanawake zaidi ya 29,000 katika nchi saba, zikiwemo Kenya, Zambia na Kongo ng'ambo ya ziwa letu, walipewa wakiwa kwenye uchungu ama gramu 2 za azithromaisini, dawa ya bakteria, kwa mkupuo ama kidonge kisicho na dawa. Waliopata sepsisi (maambukizi yanapozidi mpaka mwili mzima unaanza kushindwa) au kufa walikuwa asilimia 1.6 kwa waliomeza dawa, na 2.4 kwa wasiomeza. Kwa watoto wachanga haikuonyesha faida. Ni tofauti kubwa kwa dawa ya bei ndogo hivyo, lakini haikupi ruhusa ya kununua azithromaisini dukani na kuimeza bafuni. Dawa hizi zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea, na siku utakayozihitaji kweli hazitafanya kazi. Muulize mkunga wako utaratibu wa kituo.

Hatua ya 7: Saa 24 za kwanza

Usikubali kuondoka kabla hazijatimia kama umejifungua kawaida, hata kama bodaboda inapiga honi nje. Upimwe presha, joto, mapigo, na mji wa mimba uguswe kama umekaza.

Hatua ya 8: Siku arobaini nyumbani

Sasa ninasema na wewe mama mkwe.

Kwanza, kukandwa. Ninajua tulikandwa sote. Taulo linachovywa kwenye maji yanayochemka, linakandamizwa tumboni na chini, mzazi analia na anaambiwa avumilie, damu chafu itoke. Damu haitolewi kwa moto. Mji wa mimba unajibana wenyewe, na mtoto anaponyonya ndipo unapobana zaidi. Nimeshafunga bandeji kwa wazazi waliobabuka mapaja, na kidonda cha moto karibu na uke ni karamu ya bakteria. Aliyepasuliwa asikandwe kabisa. Kama roho haitulii mpaka maji yahusike, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako kama unavyompimia mtoto.

Chini aoshwe kwa maji safi mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya haja, kutoka mbele kwenda nyuma. Pedi au kitambaa kibadilishwe kila masaa manne hadi sita, na kitambaa kianikwe juani, siyo uvunguni kwa kuona haya. Maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo hutuliza mshono, wakunga wengi tunayaruhusu, ila hayatibu usaha. Majivu, spiriti, dawa ya meno na unga wa majani visikaribie.

Kisha kila asubuhi na jioni, kwa siku kumi za mwanzo hasa, mwangalie hivi.

Joto: weka kipimajoto kwapani mpaka kilie. Kikisoma 38 au zaidi, nenda.

Damu: siku tatu nne za kwanza ni nyekundu, baadaye inakuwa ya kahawia na hafifu, halafu majimaji meupe. Harufu yake ni ile ya hedhi. Ikinuka kama nyama iliyolala, au ikarudi kuwa nyekundu na mabonge, nenda.

Tumbo: bonyeza taratibu chini ya kitovu. Maumivu ya kubana wakati wa kunyonyesha ni ya kawaida. Maumivu ya kuguswa ambayo jana hayakuwepo siyo.

Pumzi na akili: hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Zikifika 25, au akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au hataki hata kumshika mtoto, au amekaa siku nzima bila kukojoa, hapo siyo kesho asubuhi. Ni sasa. Na msikie vizuri: sepsisi ikizidi, mwili unaweza kuwa baridi badala ya moto. Usidanganywe na homa kushuka huku mtu anazidi kulegea.

Ziwa likivimba, likawa jekundu na lenye moto, aendelee kunyonyesha ziwa hilohilo, likamuliwe, na aende akatazamwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine ni hatari nyingine kabisa, damu iliyoganda, na haungoji.

Haya yote yanamhusu pia aliyeharibikiwa na mimba. Anaficha, anaona aibu, anaogopa maswali, na maambukizi yake ni yaleyale. Ana haki ya kutibiwa, iwe mimba ilitoka yenyewe au vinginevyo. Mpelekeni bila hukumu.

Hatua ya 9: Mlangoni mwa hospitali

Usiseme "ana homa". Kigoma ukisema homa unatumwa dirisha la malaria. Sema: "Huyu ni mzazi wa siku ya tano, ana joto 39, ananuka na tumbo linamuuma." Maneno hayo kumi na kitu yanampeleka kitandani badala ya kwenye benchi.

Wapime malaria, ndiyo, na ikiwepo itibiwe. Lakini kipimo kikiwa chanya uliza: "Na tumbo mmeliangalia?" Dawa ya bakteria ya sindano inatakiwa ianze ndani ya saa moja ya kwanza, pamoja na maji ya dripu, kisha watafute chanzo: kondo lililobaki, usaha kwenye mshono, jipu la ziwa. Kama hapo hawawezi kukitoa, apewe rufaa huku dozi ya kwanza imeshaingia mwilini, asianze safari mikono mitupu. Mpangilio huu si nadharia ya vitabuni. Katika wiki moja tu ya mwaka 2017 watafiti walihesabu wanawake waliolazwa katika nchi 52, wakakuta takriban 70 wenye maambukizi kwa kila vizazi hai 1,000. Na mwaka 2025 yakatoka matokeo ya hospitali 59 za Malawi na Uganda: walipokazania kuosha mikono, kuzuia mapema na kutibu kwa mpangilio huo, madhara makubwa ya maambukizi yalipungua kwa karibu theluthi moja. Hawakutumia mashine mpya. Walifanya yanayojulikana, na wakayafanya kwa wakati.

Akianza kupata nafuu siku ya pili, ndugu wataomba ruhusa, maana kulala na mgonjwa ni gharama. Subirini daktari aseme homa imeisha kweli. Na mtoto aendelee kunyonya. Dawa nyingi zinazotumika hapa haziharibu maziwa, muulizeni mfamasia kwa jina la dawa.

Hatua ya 10: Kurudi kuangaliwa

Hata kama kila kitu kiko shwari, mzazi aangaliwe siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na 14, kisha wiki ya sita. Akienda wiki ya sita aende na mtoto na kadi zote mbili, chanjo zake za wiki ya sita zinaangukia siku hizohizo, na nauli inakuwa moja.